Neno la Mkono wa Kulia

Sindeni, Handeni
7 Mei 2023

Mdogo wangu Sufiani,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Najijibia mwenyewe, maana Idi imepita na shikamoo yako sikuipata, wala wewe sikukuona. Tangu mama afariki hujawahi kukosa Idi kwangu. Nilisonga bada laini kama unavyoipenda, ya muhogo wa shamba letu, nikakaa mlangoni kama mchumba. Chakula kililala, kesho yake wakakila wajukuu.

Hapa tu wazima. Mvua imetutosha, mahindi yamefika kiunoni. Goti langu ni lile lile, na masikio ndiyo yanazidi kuniaga. Simu nimemwachia mjukuu, kwa sababu mtu akinipigia nasikia kama anasaga mahindi. Basi tuendelee na karatasi kama zamani. Mdoe, kondakta wa basi la asubuhi, ameahidi kukufikishia mkononi.

Juzi nilimkumbuka Mwalimu Dunstan na darasa lake la upigaji chapa hapo Korogwe. Wanafunzi wengi, taipureta chache, mimi na wewe tumebanana kwenye benchi moja mbele ya mashine moja, wewe kushoto, mimi kulia. Alikuwa akisema mkono wa kushoto ni mvivu, hivyo tuutafutie maneno marefu ya Kiingereza ambayo mkono huo unayapiga peke yake bila kuomba msaada. Kisha na wa kulia upate yake. Mimi niliozwa kabla ya mtihani, wewe ukaifanya kazi ya maisha, lakini mchezo hatukuuacha. Haya, yangu ya leo: kushoto, exaggerated. Kulia, monopoly. Nangoja yako. Kiingereza kinaupendelea mkono wa kushoto, maneno ya kulia mafupi kama mkia wa mbuzi.

Wasalimie wa hapo.

Dadako,
Mwantumu


Manundu, Korogwe
11 Juni 2023

Dada Mwantumu,

Shikamoo, na nyingine ya Idi ambayo nilibaki nayo. Nisamehe. Idi ilinikuta sijisikii vizuri, homa homa tu, nikaona basi litanitikisa bure. Sasa nina nafuu.

Korogwe haina jipya. Mto umejaa, bodaboda zimejaa zaidi. Vinod anakusalimu sana. Duka lake la karatasi sasa lina kompyuta mbili, vijana wanachapa na kutoa nakala hapo hapo. Kibarazani kwake nilikuwa nimebakiwa na wazee wenye kesi za mashamba, wale wanaoamini kwamba hakimu huogopa barua ya taipureta. Mashine nimeirudisha nyumbani kwa sasa. Nafanyia kazi huku, polepole.

Usishangae barua kuchelewa. Mashine inataka mafuta.

Faudhia anakuamkia. Anaulizia goti la wifi yake, na kama bado unalikanda kwa maji ya chumvi.

Neno la kushoto: reverberated. La kulia sina.

Mdogo wako,
Sufiani


Sindeni, Handeni
16 Julai 2023

Sufiani,

Marahaba. Hapa tunavuna. Nguruwe wa porini wamekula safu za mwisho, lakini kilichobaki kinatosha.

Sasa niambie, mpiga chapa mzima anakosaje neno la kulia? Hata lollipop limekushinda, neno la watoto? Na hiyo mashine yako ina ugonjwa. Nimeiinua barua kwenye mwanga. Herufi za kushoto zimefifia, za kulia nzito mpaka zimetoboa karatasi, kama zimepigwa na watu wawili waliogombana. Mpelekee fundi kabla haijafa.

Na hiyo homa homa yako sijaipenda. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Una umri wa kutunzwa, na hapo ulipo sioni wa kukutunza. Nitasema wazi kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wako na mama hayupo. Yupo mjane hapa jirani, mwenye adabu, watoto wake wakubwa na wana nguvu za kumwinua mzee. Nimekwisha zungumza naye. Huyo uliye naye amekula ujana wako wote na hakukuachia hata mtoto wa kukuletea maji. Mti usiozaa hauna kivuli, Sufiani, una majani tu. Sikuambii umwache. Nakuambia uje nyumbani, uoe, yeye abaki huko na kuta zake.

Ukikasirika, kasirika. Damu haigeuki maji.

Kushoto: stewardesses. La kulia nalingoja.

Wasalimie wa hapo.

Mwantumu


Manundu, Korogwe
20 Agosti 2023

Dada,

Shikamoo.

Barua yako ilifika na imesomwa yote.

Nakushukuru kwa kunifikiria. Sitaoa. Mwambie mjane huyo kwamba nimemheshimu, na asiwekwe tena katika mazungumzo hayo.

Faudhia anakuamkia.

Kushoto: cabbages. Kulia: pumpkin.

Sufiani


Sindeni, Handeni
24 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako fupi kama hati ya wito, lakini mwishoni umenifurahisha. Pumpkin! Ulilitoa wapi? Dunstan hakutufundisha hilo. Nimelipiga mezani kwa vidole vyangu vikavu, na kweli kila herufi iko kulia. Nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuniangalia. Basi akili yako ni nzima, na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa.

Kwa kuwa akili ni nzima, itumie. Mjane bado nimemweka. Mwezi ujao nitawatuma vijana wawili waje kukuchukua, upumzike hapa mpaka baada ya mvua. Huyo wa kwako asije. Niliapa mbele ya kaburi la mama kwamba uwanja wake sitaukanyaga, na wangu asiukanyage. Mwanamke gani huyo, mume anaugua Idi nzima na yeye hana hata mkono wa kukushika mpaka stendi?

Kushoto: sweetest. Usiponijibu haraka, nitajua ni yeye amekukataza.

Wasalimie wa hapo.

Mwantumu


Manundu, Korogwe
15 Oktoba 2023

Dada Mwantumu,

Shikamoo. Natumaini mavuno yamekwisha ingia ndani na goti limepoa.

Usiwatume vijana. Nitakueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Sikuwa na homa. Katika kumi la mwisho la Ramadhani nilikuwa natawadha kwa ajili ya alasiri, birika likaniponyoka, nami nikalifuata chini. Ni kiharusi. Mdomo ulipinda na umerudi. Mguu wa kulia naukokota. Mkono wa kulia umelala tangu siku hiyo na daktari hanipi ahadi. Sikukuambia, kwa sababu nilijua ungetuma watu wanibebe hadi Handeni, na nilijua nani asingebebwa pamoja nami.

Vinod aliniambia nipige kwa kidole kimoja cha kushoto, mashine nzima, kama vijana wanavyofanya. Nilijaribu. Mkono huu umefundishwa tangu ujana kukaa upande wake, nikiulazimisha kuvuka unasimama katikati na kurudi. Nililia, dada. Mtu mzima, nililia juu ya mashine. Faudhia akaja, akavuta benchi, akakaa kulia kwangu. Akasema, "Nionyeshe za upande huu tu."

Tangu hapo tunapiga hivyo, kama mimi na wewe kwa Dunstan. Mimi za kushoto, yeye za kulia. Napiga yangu, nasubiri, anapiga yake. Za kwangu zimefifia kwa sababu sina nguvu. Za kwake zinatoboa karatasi kwa sababu ni vidole vilivyozoea mchi. Barua zako zote tangu mwezi wa tano zimejibiwa na watu wawili.

Barua yako ya habari za mjane nilitaka kuificha. Aliiona usoni kwangu. Akasema, "Soma yote. Kama kuna yangu, nipe yangu." Nikamsomea, na mti usiozaa nikausoma. Tulipokaa kujibu, nilianza na neno sitaoa. Katika neno hilo herufi mbili ni zake. Alizipiga bila kuniangalia, kisha akasema bado hatujamwandikia wifi salamu.

Pumpkin ni lake. Alipewa pakiti ya mbegu na Sharda, mke wa Vinod. Akaitazama ile picha ya boga, akafuata herufi moja moja kwa kidole, kisha akaja kutoka dukani karibu mbio akisema zote ni za upande wake. Kiingereza hajui. Nilipomsomea kwamba umecheka peke yako, aliomba nirudie hapo. Mstari uliofuata nilitaka kuuruka, akanishika bega, nikausoma. Mbegu amezipanda nyuma ya jiko.

Sikuandiki kukugombeza. Wewe ni dada yangu na ulinibeba mgongoni. Lakini tangu nimuoe hujawahi kuliandika jina lake. Unaandika, wasalimie wa hapo. Wa hapo ni yeye peke yake, dada. Hatuna mwingine.

Yeye anakuamkia. Hapa nimempigia herufi zangu za jina lake, na yeye amemalizia: Faudhia.

Mdogo wako,
Sufiani


Sindeni, Handeni
17 Desemba 2023

Wifi yangu Faudhia,

Assalaam alaykum. Ni mimi Mwantumu. Najua hukutegemea bahasha yenye jina lako kutoka kwangu, nami sikujua kama mkono wangu ungekubali kuiandika.

Hapa ni wazima kiasi. Mvua za vuli zimekuwa adhabu, korongo la huku limekata barabara, na Mdoe hapiti kila siku. Nisingependa kusema nimechelewa kwa sababu ya mvua, maana barua ya Sufiani niliipata kabla haijaanza kunyesha. Nilichelewa kwa sababu yangu. Kwanza nilikasirika na mdogo wangu kwa kunificha. Kisha nikajikasirikia. Kisha nikaanza kuandika, nikachana, nikaanza tena, nikachana. Kila nilipofika kwenye jina lako kalamu ilisimama. Ni aibu ya mzee, wifi, nayo ni nzito kuliko ya kijana kwa sababu haina muda mwingi wa kwisha.

Mama alipokuwa anatutoka aliniusia nihakikishe Sufiani anapata mtoto. Wosia huo niliugeuza fimbo, na mgongo niliouona karibu ni wako. Sikuwahi kujiuliza kama na wewe ulitaka huyo mtoto. Bila shaka ulimtaka. Mimi nina wajukuu wanaonikanyaga usingizini, halafu nikakuandikia wewe habari za mti. Ulimi hauna mfupa, na kalamu yangu haikuwa nao pia. Nilisema huna mkono wa kumshika mume wako. Wakati nikiandika hivyo, mkono alionao ulikuwa ni wako. Nisamehe. Sina namna nyingine nzuri zaidi ya kulisema, nisamehe.

Niliapa kwamba uwanja wako sitaukanyaga. Nimemuuliza shehe wetu, akaniambia niwalishe masikini kumi. Tulichovuna kinatutosha wenyewe tu, hivyo nimefunga siku tatu za kafara. Nimezimaliza jana. Kiapo hakipo tena. Korongo likikauka nitakuja, kama utanipokea, nikuletee unga wa muhogo, na nikuonyeshe jinsi mama alivyokuwa anamkanda baba alipoumwa kiuno.

Nikija nataka nilione hilo boga. Na nina neno lako, maana sasa wewe ndiye mwenye upande huo: onion. Ni kitunguu. Ni fupi, lakini lote ni lako, hakuna herufi hata moja ya Sufiani.

Nisalimie mume wako. Leo yeye ndiye wa hapo.

Wifi yako,
Mwantumu


Sindeni, Handeni
14 Januari 2024

Mdogo wangu Sufiani,

Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Habari za huku leo sina. Barua yako imefika na mashimo. Nilipoifungua nilidhani mvua imeilowesha, nikaipeleka mlangoni penye mwanga, nikaona wino ni mkavu. Umepiga herufi zako na kuacha nafasi za mwenzako, mstari baada ya mstari, na nafasi hazikujazwa. Neno la kwanza lilikuja zima, kwa kuwa lote ni la mkono wako: Dada. Baada yake palikuwa na Fa d  a, kisha a efar. Sikuhitaji kuendelea. Nilikaa chini pale pale mlangoni, na mjukuu akaniuliza bibi umeanguka.

Kisha nilichukua kalamu nikaijaza barua yako. Nainakili hapa, uone kama nimeipata sawa.

"Dada, Faudhia amefariki. Kifua kilimbana, tukampeleka hospitali, hakurudi. Tulimzika Jumatano. Vinod alitaka kumpigia simu jirani yako Semboja aje akupe habari, nikamkataza. Niliogopa usije, nami ningekuwa nimekuita. Barua yako ililetwa Ijumaa. Tangu tulipokuandikia, kila basi la Handeni lilipopiga honi alikuwa akiuliza, wifi amejibu? Sijaifungua. Jina la juu si langu. Naandika kama tulivyozoea, napiga za kwangu na kusubiri za kwake, najua hazitakuja, lakini mkono haujui. Sina tena mkono. Boga lake limekomaa. Nikijaribu kulikata linazunguka."

Pale kwenye sina tena palifuata peupe tupu, hapana herufi yako hata moja. Nimeandika mkono. Kama ulikusudia moyo, utanisahihisha nikifika.

Sufiani, ningekuja. Kiapo nilikuwa nimekwisha kifungia, na miguu ilikuwa tayari. Hukuwa na namna ya kujua, maana mimi ndiye niliyekaa kimya mvua nzima nikiona haya ya jina moja. Alikuwa akiuliza nami nilikuwa nachana karatasi. Hili hakuna shehe atakayenipa kafara yake, nimekwisha muuliza. Nimelia mpaka nimejisikia mwenyewe, na wewe unajua masikio yangu yalivyo.

Nakuja Jumamosi na basi la Mdoe. Vijana wawili watanivusha korongo na kurudi. Bahasha usiifungue na usiitupe. Ni yake. Utanipeleka alipolala, tumwombee dua, kisha nitaifungua mimi na kumsomea kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na lile alilokuomba ulirudie, kwamba nilicheka.

Mashine isifunikwe. Upande wake kwenye benchi sitaukalia. Nitaleta kigoda changu nikiweke pembeni, na vidole vyangu vya kulia nimeanza kuvifanyisha kazi mezani. Vimesahau kidogo, si sana.

Boga liache lilivyo. Usilipigie kisu peke yako. Nikifika nitalishika, wewe utakata.

Dadako,
Mwantumu